Msitu Usio na Mwenyewe

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii hutaisoma, na hata ulipokuwa hai hukutaka kabisa mambo ya kusoma. Masista waliponifundisha kuandika kule misheni, mtu wa kwanza niliyemkimbilia ni wewe. Nililiandika jina lako kwa mkaa juu ya kigae cha chungu nikakuletea. Ulikigeuza huku na huku, ukakinusa, kisha ukasema, "Mpwa wangu, Mungu kanipa masikio makubwa namna hii, nawe unataka nikusikilize kwa macho?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kigae ulikirudisha kwa heshima zote, na siku ya pili nilikikuta kuku wananywea maji.

Basi niwie radhi, leo itabidi unisikilize hivyo hivyo. Nina jambo la kukuambia kabla ya kesho asubuhi, na nikienda kukuambia kule msituni, mahali tunapozungumza nawe siku zote, najua sitalimaliza. Nimekaa barazani kwa Mama, mvua inanyesha, bonde lote la Bigwa limefunikwa na ukungu. Mama yuko ndani anachagua mbegu za maharage.

Unakumbuka siku uliyonipeleka msituni mara ya kwanza? Nilikuwa binti mdogo, nimebeba unga kwenye kikapu, wewe umebeba kibuyu cha pombe na unanikataza kukigusa. Ulinionyesha makaburi ya mabibi wa ukoo wetu mmoja mmoja, na kila mmoja ulimsalimu na kumweleza habari za nyumbani, hata habari ya mbuzi wako aliyekuwa na upele. Nilishangaa kuona tawi kubwa limeanguka njiani nawe umelizunguka tu, hukulichukua kwa kuni. Ukanieleza kwamba kule hakuingii panga wala shoka. Ukanipeleka mpaka juu kabisa, panapotoka maji, pale msitu wetu unapokutana na msitu mkubwa wa mlimani, tukanywa kwa viganja.

Nami kwa furaha nikauliza, "Mjomba, kumbe msitu wote huu ni wetu?"

Uliniziba mdomo kwa kiganja, na kiganja chako kilikuwa kinanuka tumbaku. "Hatusemi hivyo. Mtu aliye hai hasemi huu ni wangu. Wenyewe wamelala." Wakati wa kushuka ukanifafanulia vizuri: shamba ninaweza kusema ni langu, nyumba ni yangu, kuku ni wangu, hata mume ni wangu kama mwenyewe atakubali. Lakini mahali pale, mtu anayejiita mwenyewe anajiita maiti. Nilikuelewa, na tangu siku hiyo sikulitamka tena neno hilo.

Sasa nikukumbushe siku nyingine, ambayo najua uliipenda. Gari la moshi lilikuwa limekwishafika Morogoro, na watu walikuwa bado wanateremka mlima kwenda kulitazama tu na kurudi. Jumbe akatuma habari kwamba Bwana wa misitu anapanda, watu wote wasimame kwenye mashamba yao. Akaja, Mdachi mrefu wa serikali ya Kijerumani, mwenye uso mwekundu kwa jua, na pembeni yake akida aliyewekwa na serikali, yule mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe ambaye hajawahi kuupanda mlima wetu bila kulalamika. Bwana aliuliza kila mteremko: shamba hili la nani? Watu wakajibu. Hili la fulani, hili la ukoo fulani. Mkafika msituni.

"Na huu, mwenyewe nani?"

Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wetu. Ulivua kofia, ukainamisha kichwa, na ukajibu kwa adabu yote uliyolelewa nayo: "Huu hauna mwenyewe, Bwana. Hakuna mtu yeyote hapa mwenye msitu huu."

Akida akatafsiri neno kwa neno. Bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika, hata akatabasamu. Nawe ukarudi nyumbani umefurahi, unamsifu njia nzima. "Mdachi yule kalelewa. Nimemwambia hauna mwenyewe, wala hakubisha, wala hakuuliza mara mbili." Ulichinja jogoo siku hiyo, Mjomba. Tulikula tukanywa, ukasema huenda serikali hii ikawa na watu wa kuzungumza nao. Nafurahi ulikufa kabla hujajua kile kichwa kilitikiswa kwa ajili ya nini.

Ulipougua ulitucheka mpaka mwisho. Ulimwambia Mama usizikwe chini karibu na wazee wengine, kwa sababu wale walikuwa wabishi na ulikwisha kubishana nao vya kutosha. "Nizikeni juu kabisa, nisikie maji." Tukakuzika juu kabisa, peke yako, hatua chache kutoka chemchemi, kichwa kikielekea mlimani. Watani wakaja kukuchimbia, wakakutukana na kukuigiza unavyotembea, mpaka wafiwa wakashindwa kulia.

Tangu uondoke, serikali imekuwa na mambo mengi. Sitasema yote ni mabaya, maana hata wewe ulikuwa hupendi mtu anayelalamika kwa mazoea. Wale waliokuwa wakipita njiani kuteka watu hatuwasikii tena. Chumvi inapatikana bila safari ya kufa mtu. Lakini serikali hii imekuja jana na inataka kumaliza kazi yote leo. Inataka kodi ya nyumba, na kwa sababu kodi haipatikani mlimani, vijana wanateremka kwenye mashamba makubwa ya bondeni kulima pamba isiyolika, na wakirudi wamekonda. Inataka barabara, na barabara inalimwa wakati ule ule mahindi yetu yanapotaka palizi. Inataka kila mtu awe na mkubwa mmoja wa kuulizwa, basi inatuletea mkubwa asiyejua hata tunarithiana vipi. Mahali pote inapokosea, haikosei kwa kutuchukia. Inakosea kwa haraka, na sijui kama kwa anayekosewa kuna tofauti.

Na sasa inataka misitu. Hapo, Mjomba, ungekaa naye Bwana mkakubaliana mpaka jioni. Anasema watu wakichoma na kukata mpaka kileleni, mito itakauka na udongo utaishia bondeni, na mji wa Morogoro utakunywa matope. Si maneno yako hayo? Si wewe uliyekuwa ukimfukuza kwa fimbo kila aliyewasha moto juu ya mashamba? Mlilinda kitu kile kile, kila mmoja kwa sheria yake, na sheria yake haiioni yako.

Majuzi tuliitwa barazani kwa akida, chini Bigwa. Bwana alikuwepo. Kwanza akida akataka mrithi wako asimame, akamwita binamu yangu Salumu, mwanao mkubwa, aliyesilimu kule mjini na sasa anashona nguo sokoni.

"Wewe ndiye mwana wa marehemu?"

"Ndiye mimi."

"Basi shamba la baba yako ni lako sasa. Jibu wewe."

Salumu akasema, "La, si langu. Baba alikuwa wa ukoo wa mama yake, mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Pale kwao mimi ni mgeni tu."

Akida alirusha mikono juu. "Mgeni kwa baba yako mzazi? Ninyi watu wa mlimani mtaniua!" Alipomtafsiria Bwana, Bwana akauliza tena, na Salumu akajibu vile vile, na akida akatafsiri huku anajifuta jasho. Ungekuwepo ungecheka. Mimi pia nilitaka kucheka, mpaka Bwana alipoanza kusema.

Alisema kwamba mpaka wa msitu wa serikali utawekwa. Juu ya mpaka hakuna kuingia, kukata, kulisha mbuzi wala kuzika. Akakitaja kipande chetu chote, kuanzia makaburi ya chini mpaka kwenye maji, kwamba nacho kinaingia kwenye msitu wa serikali.

Nikasimama. Wanawake hatusemi kwenye baraza la akida, wewe unajua, kwake mwanamke ni mtu wa kuleta maji ya kunywa. Nikasema, "Bwana, msitu ule ni wetu."

"Kaa chini, mama," akida akasema.

Bwana akamzuia kwa mkono. Anakijua Kiswahili kidogo, cha kukatakata. "Wenu? Mzee alisema hauna mwenyewe. Mimi mwenyewe nilisikia."

Mjomba, nilivyojisikia pale siwezi kukueleza. Maneno yako ya adabu, yaliyotuletea jogoo, yalikuwa yamekaa kichwani mwake muda wote huo kama ushahidi. Nilimweleza kwamba hivyo ndivyo tunavyosema kwa heshima ya waliolala pale. Akida akatafsiri kwa maneno machache sana, nikaona Bwana anasikiliza nusu.

"Nyumba iko wapi?" akauliza. "Mahindi yako wapi?"

"Kuna makaburi."

"Makaburi si shamba." Hakusema kwa ukali. Alinieleza kwa uvumilivu kama sista anavyoeleza darasani. Mtu mwenye ardhi anailima. Isiyolimwa na isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Mpaka utapita juu ya shamba la mwisho, si chini yake wala katikati. Kilicho chini ya mpaka ni mali yetu, hataki kujua tunakifanyia nini, hata tukikiacha kiote magugu. Mvua zikipungua atakuja na watu wa kuweka mawe ya mpaka.

Nikamwuliza, "Na kama shamba la mwisho liko juu zaidi?"

"Nikiliona limeota, jiwe litakaa juu yake."

Tulipanda mlima, mimi na Salumu, tukakaa njiani kupumzika. Yeye ndiye aliyeanza. "Unawaza kulima juu ya msitu."

"Ndiyo. Pale juu, penye maji. Tukiwa na shamba pale, mpaka unapita juu yake, na makaburi yote yanabaki chini, kwetu. Miti yote ya chini haiguswi."

"Unajua aliyelala pale juu."

"Najua, Salumu."

Akainama akafunga kiatu chake ambacho hakikuwa kimefunguka.

Ukoo ulipokaa, kila mtu alikuwa na la kusema ila hilo la kaburi lako. Baba mmoja alitaka turudi kuomba. Tukatuma watu boma, wakasimama juani kutwa, wakaambiwa Bwana amekwisha sema. Mwingine alitaka tulime upande wa kushoto wa chemchemi, tukuache wewe pembeni. Lakini pale ni mwamba mtupu, hata nyasi zinakataa. Udongo wa kuotesha kitu uko mahali pamoja tu, nasi ndio tuliouchagua siku ya kukuzika kwa sababu ulichimbika. Mwishoni nikalisema mimi.

Mama akasema, "Panga haliingii kule. Halijaingia tangu nizaliwe, na halijaingia tangu azaliwe aliyenizaa."

"Mama, lisipoingia letu litaingia la serikali, au atasimama askari. Wewe ukifa utazikwa wapi?"

"Sijasema hapana. Nimesema halijaingia." Akavuta kanga mabegani. "Kaka yangu hakumdanganya yule mzungu. Alimjibu ukweli. Mtu akijibu ukweli na bado akanyang'anywa, kosa ni la nani?"

Salumu akasimama, akasema kwamba atakata yeye. Ni baba yake, mkono ni wake, na kama kuna balaa na limwangukie yeye aliyekwisha hama dini. Alilisema akilia waziwazi, mtu mzima yule. Mama akamshika mkono na kumkalisha. "Mwanangu, wewe ukikata pale, umevunja nyumba ya watu. Lazima akate wa kwetu, ili kaka ajue ni nyumbani kumeamuliwa." Kisha akatutazama sisi, watoto wa dada zako, mmoja mmoja. Kaka zangu wawili wapo bondeni kwenye pamba, na aliyepo alikuwa anatazama miguu yake. Nikasema nitaanza mimi.

Kuna wanaosema nimepata ujasiri huo kwa sababu ya ubatizo, kwamba mla ekaristi haogopi wafu. Waongo. Nimeogopa kama mtu mwingine yeyote. Nilikwenda kumwuliza padri, akaniambia kwa upole kwamba roho yako haipo pale, ardhi ni ardhi tu, nilime bila wasiwasi. Jibu lile lingenirahisishia kila kitu, na ndiyo maana sikulipenda. Kama ardhi ni ardhi tu, basi hata serikali ingetuachia ile.

Ninajua upo pale. Ninajua pia kwamba tunachotaka kufanya ni cha ajabu: tunaambiwa tukate miti ili miti iachwe, tuchafue kaburi moja ili makaburi yaliyobaki yapone. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta njia isiyokugusa, sijaiona. Hasira ninayo, na sitaificha kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kufichwa. Namkasirikia Bwana ambaye hakuuliza mara mbili. Namkasirikia akida aliyetafsiri kila neno na asitafsiri kitu. Na wewe, Mjomba, nimekukasirikia kidogo, kwa ajili ya ile kofia uliyovua. Kisha nikakumbuka kwamba ulivua kofia kwa ajili ya waliolala, wala hukuvua kwa ajili ya Bwana, hasira ikaisha, nikabaki na hamu ya kukuona tu.

Lakini sirudi nyuma. Bwana atakapokuja atanikuta nimesimama katikati ya maharage yaliyoota, naye atauliza kama anavyouliza siku zote, nami nitajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani kwamba ni pangu, mwenyewe ni mimi, na ukoo wangu ndio huu. Nitalisema lile neno ulilonizibia mdomo. Baada ya hapo watakuja na jingine, nina hakika. Serikali changa haikosi jingine. Watakuja kutaka mlango wa nani, kichwa cha nani, mtoto wa nani. Tutajibu kila moja kwa lugha wanayoisikia, na usiku tutawafundisha watoto lugha ya kwetu, wajue ipi husemwa wapi. Nimekwisha mwambia binti yangu asiseme wetu anapopita kwenye makaburi ya chini. Aliniuliza mbona mimi nimesema barazani. Nikamjibu ni kazi ya mkubwa, na mkubwa ataizungumza mwenyewe na mjomba wake.

Ndiyo hii naizungumza. Mama amemaliza kuchagua mbegu, ameziweka kwenye kikapu kidogo na kuzifunika. Amechagua zile nyekundu zinazoota upesi. Amesema mavuno yake hayatauzwa wala hayatapewa mtu wa nje. Tutayapika sisi, tutayala sisi, kila aliyezaliwa kwa mwanamke wa ukoo huu, hata kama ni kijiko kimoja. Salumu atakuja kusimama mbali, karibu na njia, kwa sababu amekataa kabisa kubaki mjini. Watani nao wamepata habari. Nasikia wamejiandaa kuja kutusimanga kwamba tuna njaa mpaka tunamlima marehemu. Waache waje. Pengine nitacheka, kazi iwe nyepesi.

Kesho alfajiri Mama atatangulia na unga na pombe, akuambie kwa mdomo namna unavyopenda kuambiwa. Mimi nitafuata. Nitakata vichaka vya miguuni kwako kwanza, kisha ule mti mchanga ulioota ubavuni, kisha nitalima taratibu kuelekea kichwani. Nimechukua jembe dogo, lile la kupalilia, ili lisiingie sana.

Lala, Mjomba. Ukisikia linagonga juu yako, usishtuke. Ni mimi,

mpwa wako.